Serikali iliyoanguka kwa kura moja



Siku chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, tulibaki barazani na vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa somo la Uraia. Mmoja wao akatuuliza: "Ustadhi, mwaka 2022 Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu. Hapakuwa na mapinduzi, wala hapakuwa na uchaguzi mkuu. Sasa nani aliwaondoa waliotoka, na nani aliwaweka walioingia?"

Kabla hatujafungua kinywa, mzee wetu mmoja aliyekuwa akivaa makubadhi mlangoni aligeuka akasema: "Mwanangu, serikali inayoondolewa namna hiyo si serikali, ni banda la makuti. Upepo ukivuma, halipo." Vijana wakacheka. Sisi tukaomba muda, kwa kuwa swali la kijana lilikuwa zito na kauli ya mzee ilikuwa na uzito wake pia. Makala haya ni jibu letu kwa wote wawili, na kwa kila mzazi ambaye mwanawe amewahi kumrushia swali la namna hii wakati wa chakula cha usiku akakosa la kumjibu.

Mwenye kiti na mwenye kazi

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Katika nchi kama Marekani, mtu mmoja ndiye mkuu wa nchi na ndiye mkuu wa serikali. Wananchi humchagua kwa utaratibu wake mwenyewe, mbali na uchaguzi wa Bunge, naye hukaa madarakani miaka 4. Bunge likimchukia namna gani, haliwezi kumwondoa kwa sababu tu halimtaki tena. Ni lazima ashitakiwe kwa makosa makubwa, na theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamtie hatiani.

Katika demokrasia ya kibunge vyeo hivyo viwili hugawanywa. Mkuu wa nchi ni mtu mmoja, na mkuu wa serikali ni mwingine. Uingereza mkuu wa nchi ni mfalme au malkia. Yeye hufungua Bunge, hutia saini sheria, hupokea mabalozi, na ndiye anayemteua Waziri Mkuu. Hata hivyo hateui amtakaye. Desturi inamtaka amwite mtu anayeweza kuungwa mkono na wabunge wengi katika Baraza la Makabwela, yaani lile baraza linalochaguliwa na wananchi. Baraza la pili, la Malodi, halichaguliwi na wananchi, na halina uwezo wa kuiweka wala kuiondoa serikali.

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Waingereza hawapigi kura ya kumchagua Waziri Mkuu. Humchagua mbunge wa jimbo lao, basi. Chama kinachopata wabunge wengi huunda serikali, na kiongozi wa chama hicho huwa Waziri Mkuu. Chama kikibadilisha kiongozi wake huku kikiwa bado na wabunge wengi, Waziri Mkuu hubadilika na serikali ya chama kile kile ikaendelea.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022. Boris Johnson, aliyekuwa amekiongoza chama cha Conservative kushinda uchaguzi wa Desemba 2019, aliachwa na mawaziri na wasaidizi wao zaidi ya 50 waliojiuzulu ndani ya siku chache, naye tarehe 7 Julai akatangaza kwamba ataondoka. Wanachama wa chama chake wakamchagua Liz Truss. Tarehe 6 Septemba Malkia Elizabeth alimteua, na siku mbili baadaye Malkia akafariki dunia. Mpango wa Truss wa kupunguza kodi ukatikisa masoko ya fedha, wabunge wa chama chake wenyewe wakamkataa, na baada ya siku 49 akarudisha dhamana, safari hii mikononi mwa Mfalme Charles. Siku hiyo hiyo, tarehe 25 Oktoba, Mfalme akamteua Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake alizaliwa Tanganyika. Uchaguzi mkuu mwingine haukufanyika hadi tarehe 4 Julai 2024.

Serikali itokayo ndani ya Bunge

Katika vitabu vya Uraia watoto wetu husoma kwamba dola ina mihimili mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Katika demokrasia ya kibunge mhimili wa kwanza huota ndani ya mhimili wa pili. Waziri Mkuu huwachagua mawaziri wake miongoni mwa wabunge na Malodi. Wanaongoza wizara asubuhi, na jioni wanakaa bungeni pamoja na wale wanaopaswa kuwasimamia.

Msomaji makini atauliza: je, Waziri Mkuu hawezi kuwapa wabunge wote vyeo ili wote wamtii? Waingereza waliliona hilo. Sheria yao ya mwaka 1975 inasema kwamba wenye vyeo vya uwaziri wanaoruhusiwa kukaa na kupiga kura katika Baraza la Makabwela wasizidi 95. Wengine wabaki kuwa wabunge tu, wawe na nafasi ya kuuliza na kukataa.

Serikali ya namna hii haina muda wake yenyewe. Bunge lina muda usiozidi miaka 5, lakini serikali haina hata siku moja iliyo yake kwa haki. Ipo maadamu wabunge wengi wana imani nayo. Siku wakisema hawana, Waziri Mkuu ana njia mbili tu: ajiuzulu ili mwingine aunde serikali, au amwombe mfalme alivunje Bunge, wananchi waamue upya. Mamlaka yake ni ya kuazimwa, na mwenye mali anaweza kuyadai wakati wowote.

Ili wasomaji waone jambo hili kwa macho, tuwasimulie usiku mmoja ambao wanafunzi wa siasa wanaukumbuka hadi leo.

Usiku wa tarehe 28 Machi 1979

Katika uchaguzi wa Oktoba 1974, chama cha Labour kilipata viti 319 kati ya 635. Kiliwazidi wapinzani wote kwa viti vitatu tu. Miaka ikapita, wabunge wengine wakafariki, wengine wakahama, na chaguzi ndogo zikapotea. Waziri Mkuu James Callaghan, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1976, akawa anaongoza serikali ya wachache, akiomba msaada wa vyama vidogo kila penye kura ngumu.

Majira ya baridi ya mwaka 1978 kuingia 1979 yalikuwa mabaya kwake. Wafanyakazi waligoma kila upande, takataka zikarundikana mitaani, na mahali pengine hata wachimba makaburi waligoma. Tarehe 1 Machi 1979 Waskoti walipiga kura kuhusu kuwa na baraza lao la kutunga sheria. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, lakini hawakufikia asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa, kiwango kilichowekwa na sheria. Wabunge 11 wa chama cha kitaifa cha Scotland wakaikasirikia serikali. Kiongozi wa upinzani, Margaret Thatcher, akaona mlango umefunguka. Akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali.

Kazi ya kuhesabu vichwa ikawaangukia wanadhimu. Mnadhimu ni mbunge anayepewa na chama chake jukumu la kuhakikisha kwamba wenzake wanafika na kupiga kura inavyotakiwa. Naibu mnadhimu wa serikali alikuwa Walter Harrison. Mwenzake upande wa Conservative alikuwa Bernard Weatherill. Walikuwa mahasimu wa kisiasa waliofanya kazi kwa kuaminiana, maana Bunge haliwezi kwenda bila mapatano madogo madogo kati ya pande mbili.

Pato moja kati ya hayo lilihusu wagonjwa. Mbunge wa upande mmoja akiwa mahututi, upande wa pili humtoa mmoja wa watu wake asipige kura, ili ugonjwa wa mtu usiamue jambo la nchi. Haikuwa sheria. Hapakuwa na karatasi iliyotiwa saini. Yalikuwa maneno ya watu wawili.

Usiku ule upande wa serikali ulikuwa na mgonjwa: Alfred Broughton, mbunge mzee ambaye kwa taaluma alikuwa daktari. Alikuwa taabani. Desturi ya Bunge ingeruhusu aletwe kwa gari la wagonjwa hadi uani, na kura yake ihesabiwe bila yeye kuingia ukumbini. Lakini safari ilikuwa ndefu na ilihofiwa kwamba angefia njiani. Viongozi wa chama chake wakaamua asiletwe. Tuliweke hilo moyoni: watu waliojua kwamba wanaweza kupoteza serikali walikataa kuihatarisha roho ya mgonjwa.

Harrison akamwendea Weatherill, akamkumbusha ahadi. Weatherill akajibu kwa ukweli kwamba mapatano yale hayakukusudiwa kwa kura ya imani, na kwamba hapatapatikana mbunge yeyote wa Conservative atakayekubali kukaa nje usiku kama ule. Kisha akafikiri. Akasema kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa neno lake, atakaa nje yeye mwenyewe.

Wasomaji wapime uzito wa kauli hiyo. Mtu aliyekuwa na jukumu la kuwahimiza wenzake wapige kura alikuwa tayari kutopiga, na kuharibu maisha yake yote ya siasa, kwa sababu ya ahadi iliyotolewa kwa mdomo kwa mpinzani. Harrison alimtazama akaona kwamba kumkubalia ni kumwangamiza mtu mwaminifu. Akamfungua kutoka katika ahadi yake. Weatherill akaenda kupiga kura.

Usiku wa saa nne matokeo yakasomwa. Waliosema hawana imani na serikali walikuwa 311. Waliosema wanayo walikuwa 310.

Kama Broughton angeletwa, kura zingelingana, 311 kwa 311. Kama Weatherill angekaa nje, zingelingana pia, 310 kwa 310. Na kura zinapolingana, desturi inamtaka Spika aamue kwa kuacha mambo yabaki yalivyo, yaani serikali isianguke. Kwa vyovyote vile Callaghan angevuka usiku ule.

Hakuvuka. Nao ukumbi haukuzingirwa na askari wala redio haikutekwa. Callaghan alisimama akatangaza kwamba atakwenda kwa wananchi. Alfred Broughton alifariki siku tano baadaye, tarehe 2 Aprili. Uchaguzi ukafanyika tarehe 3 Mei, chama cha Conservative kikapata viti 339, na Thatcher akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Wale wabunge 11 wa Scotland waliosaidia kuiangusha serikali walirudi bungeni wawili tu. Bernard Weatherill baadaye alichaguliwa na wabunge wenzake kuwa Spika, akaketi katika kiti hicho kuanzia mwaka 1983 hadi 1992.

Kuwajibika si siku ya kuanguka tu

Kura ya kutokuwa na imani ni kama talaka. Ipo, ni halali, na kujua kwamba ipo huwafanya watu wachunge mwenendo wao, lakini ndoa haijengwi kwa talaka. Serikali ya kibunge huishi kila siku kwa taratibu nyingine, na hizo ndizo zinazostahili kufundishwa vijana.

Ya kwanza ni maswali. Bunge la Uingereza linapokuwa katika vikao, kila Jumatano saa sita mchana Waziri Mkuu husimama kwa takribani nusu saa kujibu maswali. Kiongozi wa upinzani humkabili uso kwa uso. Kelele ni nyingi na majibu mengine ni ya kukwepa, lakini hakuna Waziri Mkuu anayeweza kujificha. Hata mwenye wabunge wengi kabisa, Jumatano itamfikia.

Ya pili ni uwajibikaji wa pamoja. Ndani ya Baraza la Mawaziri kila mmoja ana haki ya kupinga kwa nguvu zake zote. Uamuzi ukishatoka, wote huutetea, na asiyeweza huondoka. Tarehe 17 Machi 2003, serikali ya Tony Blair ilipokuwa inakwenda kuivamia Iraki, Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na wakati huo akiwa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, alijiuzulu. Alisimama jioni ile viti vya nyuma akaeleza kwa nini hawezi kuiunga mkono vita ile. Siku iliyofuata wabunge 412 waliikubali vita na 149 waliikataa. Cook hakuizuia vita, nasi tunajua yaliyowafikia watu wa Iraki baada ya hapo. Lakini kumbukumbu za Bunge zinaonyesha wazi nani alisema nini na nani alipiga kura wapi. Hakuna waziri aliyebaki na cheo chake akaweza kudai baadaye kwamba uamuzi ule haukumhusu.

Ya tatu ni uwajibikaji wa waziri kwa wizara yake. Mwezi Aprili 1982, Argentina ilipovivamia visiwa vya Falkland, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Lord Carrington, alijiuzulu. Hakuwa yeye aliyewaalika wavamizi. Aliona kwamba wizara ilikuwa chini yake, na aibu ya taifa ilihitaji mtu wa kuibeba.

Ya nne haionekani sana lakini ndiyo inayojibu hofu ya mzee wetu kuhusu banda la makuti. Chini ya mawaziri wapo watumishi wa umma wa kudumu, wakiongozwa na makatibu wakuu. Hawa hawaingii na chama wala hawatoki na chama. Waziri aliyepo leo wanamtumikia kwa uaminifu, na atakayekuja kesho watampokea na mafaili mezani. Ndiyo maana katika mwaka ule wa mawaziri wakuu watatu, hospitali za Uingereza hazikufungwa, mishahara ililipwa na treni zilikwenda. Paa lilibadilishwa mara mbili, nguzo zikabaki.

Kasoro zake

Tusiwadanganye vijana wetu kwamba huu ni mfumo usio na dosari. Waziri Mkuu mwenye wabunge wengi na wanadhimu wakali anaweza kulifanya Bunge liwe muhuri wake. Na wingi huo wa wabunge si lazima uwe wingi wa wananchi. Mwezi Julai 2024 chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa takribani asilimia 34 ya kura zilizopigwa. Hayo ni halali kwa sheria yao, lakini ni jambo la kutafakari.

Upande wa pili upo udhaifu alioutaja mzee: serikali kuanguka ovyo. Wajerumani, waliokumbuka jinsi serikali zao zilivyoporomoka moja baada ya nyingine kabla ya Hitler, waliweka dawa katika katiba yao ya mwaka 1949. Bunge lao haliwezi kumwondoa mkuu wa serikali isipokuwa kwa kura ile ile wamchague mrithi wake. Haitoshi wapinzani kuungana katika kubomoa, ni lazima waungane katika kujenga. Ndivyo Helmut Schmidt alivyoondolewa na Helmut Kohl kuingia siku moja, tarehe 1 Oktoba 1982.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. Mfumo huu unategemea watu wakubali kushindwa. Mwezi Aprili 2022 nchini Pakistani, hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Imran Khan ilizuiwa na Naibu Spika tarehe 3, na Bunge likavunjwa siku hiyo hiyo. Mahakama ya Juu ikaingilia tarehe 7, ikabatilisha hayo yote na kuamuru kura ipigwe. Ikapigwa usiku wa kuamkia tarehe 10: wabunge 174 kati ya 342, na Imran Khan akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo kuondolewa kwa njia hiyo. Hatuandiki haya kumtetea huyu wala kumlaumu yule. Tunaonyesha tu kwamba kanuni za Pakistani na za Uingereza zinafanana sana, kwa kuwa zimetoka shina moja. Lakini mahali pamoja ilibidi majaji waamuru kura ipigwe, na mahali pengine Waziri Mkuu aliyeshindwa kwa kura moja alikwenda mwenyewe kwa wananchi.

Nasi tuliwahi kupita huko

Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba mfumo huu haukuwa wa mbali nasi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Malkia Elizabeth alibaki kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, na Julius Nyerere akawa Waziri Mkuu. Mwezi Januari 1962 Nyerere akajiuzulu ili akaijenge TANU, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Hapakuwa na uchaguzi mkuu. Chama kilikuwa kile kile, Bunge lilikuwa lile lile, na serikali ikaendelea. Kwa hiyo kilichomshangaza kijana wetu kuhusu Waingereza wa mwaka 2022 kiliwahi kutokea hapa hapa, miaka 60 kabla.

Uganda ya mwaka 1962 na Kenya ya mwaka 1963 zilianza uhuru wao na mawaziri wakuu vile vile, na Zanzibar ya Desemba 1963 ilikuwa na Sultani kama mkuu wa nchi na Mohammed Shamte kama Waziri Mkuu hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Tanganyika ilikuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na tangu hapo Rais wetu ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja.

Hata hivyo mabaki ya mfumo ule tunayo. Katiba yetu ya mwaka 1977 inataka Waziri Mkuu anayeteuliwa na Rais athibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Mawaziri wetu sharti wawe wabunge. Ibara ya 53A inalipa Bunge uwezo wa kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Na wanaofuatilia vikao vya Dodoma wanayajua maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe somo hili hahitaji kitabu cha Kiingereza. Afungue redio Alhamisi asubuhi, wasikilize pamoja, kisha amuulize: swali lilikuwa nini, na je, limejibiwa?

Turudi barazani

Jumamosi iliyofuata tuliwasimulia vijana kisa cha Broughton, Harrison na Weatherill. Mzee wetu alikuwepo, safari hii ameketi. Tulipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huyo aliyefungua ahadi ya mwenzake, alijua kwamba serikali yake itaanguka?" Tukamjibu kwamba aliijua hatari hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kuhesabu kura ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mzee akasema: "Basi nimekosea. Si banda la makuti. Ni nyumba ya watu wanaojua kuwa wamepanga."

Hatukuwa na la kuongeza, na hata leo hatuna la kuongeza sana. Kila mwenye cheo, cha taifa au cha mtaa, amepanga katika nyumba ya watu. Neno amana tunalitamka mara nyingi, na pengine kwa wepesi. Mwenye amana huulizwa, na siku yake ikifika huirudisha ikiwa salama, bila kuuvunja mlango. Sisi wenyewe, tunaoshika daftari la kamati na kukunja uso waumini wanapotaka hesabu, tumejifunza kitu.

Kijana wetu aliandika katika daftari lake sentensi moja, nasi tukaomba ruhusa ya kuichapa hapa: "Katika demokrasia ya kibunge, serikali hukaa kwa imani ya wengine, si kwa miaka yake." Mtihani ukimuuliza hivyo, tunatumaini atapata alama zote.

Wabillahi tawfiiq.